Jani Lisilokataliwa

Baba mdogo Ebenezeri alipoingia kibandani kwake, sokoni Kiboriloni, akiwa na jani la sale mkononi, Aikande alikuwa anapanga mikungu ya ndizi mshare. Alilitazama lile jani, akajua hana ujanja. Uchaggani mtu aliyekukosea, hata kama alikuchomea nyumba, akikutumia sale ndiyo umeshamsamehe. Unaweza kununa, unaweza kulia, lakini jani utapokea. Asiyepokea husemwa mpaka na wajukuu zake.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Nimetumwa na kaka yako Elisaria. Anasema alikukosea juu ya mtoto. Anaomba."

Kosa lenyewe lilikuwa la miaka kumi na tisa iliyopita. Aikande alirudi kijijini kwao Masama kutoka kwenye ndoa iliyovunjika, pamoja na binti yake Mary wa miaka minne. Homa ikamchukua Mary ndani ya siku tatu. Elisaria, mrithi wa kihamba cha baba yao, shamba la ukoo ambamo wafu wao huzikwa, akasimama kwenye njia ya kuingilia migombani na kusema kwamba mtoto wa ukoo mwingine hazikwi pale. Ukoo wa baba mtu nao haukutokea. Mary akazikwa mjini, kwenye makaburi ya manispaa, katikati ya watu wasiojuana. Tangu siku hiyo kuna kitu kilizimika ndani ya Aikande, naye hakuhangaika kukiwasha. Aliuza ndizi, alikwenda kanisani, alilala.

Akapokea jani.

"Mungu akubariki," mzee akasema, akaketi juu ya kreti la soda. "Basi nikawaambie hospitali. Daktari alisema ndugu wa tumbo moja ndiye anayefaa zaidi."

Hapo ndipo Aikande alipoelewa. Figo zote mbili za Elisaria zilikuwa zimekufa, na mara tatu kwa wiki alifungwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Ukoo ulikaa kikao, ukaona kwamba msamaha na figo ni kifurushi kimoja, na kwamba atakayepokea jani atakuwa amekubali vyote viwili. Hakuna aliyemuuliza. Wamuulize nini tena, na sale limeshapokelewa? Yeye naye alimfungia mzee ndizi za kwenda nazo nyumbani.

Vipimo vya damu vikalingana vizuri mno. Ukoo ukafanya maombi ya shukrani. Yakabaki mahojiano tu, maana utaratibu unataka mtoaji aulizwe peke yake, mlango ukiwa umefungwa.

Dokta Hilaria alikuwa Mchagga mwenzake, mtu wa Mkuu, Rombo, wa umri ambao Mary angekaribia kuufikia. Alisoma maswali kutoka kwenye fomu.

"Shikamoo, mama. Kuna mtu yeyote amekulazimisha?"

"Hapana."

"Kuna aliyekuahidi kitu?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini unatoa figo?"

Aikande akafikiri. "Walileta sale."

Mtu wa mkoa mwingine angeuliza sale ni nini. Hilaria aliweka kalamu chini, akaisukuma fomu pembeni.

"Sale ni la kusamehe, mama. Umemsamehe?"

"Nimepokea."

"Sikuuliza hivyo."

Aikande aliitazama kalamu iliyolala mezani.

"Mimi siwezi kukuamulia," daktari akasema. "Asipopata figo, kaka yako atabaki kwenye mashine, na mashine haimfikishi mtu mbali sana. Nakuambia ili ujue. Lakini mwili ni wako. Ukitaka, tunaendelea. Usipotaka, nitawaandikia kwamba hufai kutoa. Sababu hatumwelezi mtu."

"Huo si uongo?"

"Tunabishana kila siku humu ndani kama ni uongo. Mimi naona mtu asiyetaka hafai."

"Watadhani mimi ni mgonjwa."

"Watadhani hivyo, ndiyo."

Aikande akajisikiliza. Alitafuta huruma, hakuikuta. Alitafuta hata kisasi, ambacho kingemsaidia kuamua, nacho hakukikuta. Alikumbuka tu kwamba katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumfungia mlango na kumwambia kwamba anaweza kukataa.

"Sitaki," akasema. Lilikuwa neno jepesi mno, likamshangaza.

Barua ikatoka. Elisaria hakulaumu; afadhali angelaumu. Wiki ya pili alipiga simu, sauti imemkauka.

"Dada, pole sana. Kumbe nawe unaumwa, na hukutuambia. Umekuja kunipa figo na mwenyewe hujiwezi. Na mimi nilikunyima mahali pa kumlaza mtoto." Sauti yake ikashuka. "Tukachukue udongo wa kaburi la Mary, tuulete nyumbani. Iwe Jumapili, Jumamosi niko kwenye mashine."

Miaka kumi na tisa Aikande alikuwa akiyasubiri maneno hayo. Sasa yalikuja, naye akayasikia kama tangazo la redio ya jirani.

"Sawa, kaka," akajibu.

Jumapili, baada ya ibada, udongo wa Mary ukapanda Masama ndani ya kitambaa cheupe. Kando ya kaburi la baba yao, chini ya migomba, Elisaria alikuwa ameshika jembe. Miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu havikuingia, akavaa kandambili na suti yake ya kanisani. Aikande akanyoosha mkono alichukue lile jembe. Mikono yake ilikuwa imezoea kushusha mikungu kila alfajiri; shimo lile dogo angelimaliza kwa dakika tano.

"Hapana," Elisaria akasema. "Wewe ni mgonjwa. Mleteeni dada kigoda."

Kigoda kikaletwa.

"Kaka," Aikande akaanza.

"Kaa, dada. Hili ni langu."

Wote wakamtazama kwa huruma. Baba mdogo Ebenezeri akamshika kiwiko taratibu, amsaidie kuketi. Hapo kile kilichozimika ndani yake kikashtuka, na hakikuamka na furaha wala machozi. Kiliamka na aibu, aibu kali iliyomchoma mpaka masikioni. Alikuwa mzima kuliko wote waliosimama pale.

Akakaa. Elisaria akainua jembe, akapiga mara mbili, akasimama kuhema, akapiga tena.