Tarehe Alizoandika Karani

"Hii nayo ni ya mwaka huu?" bibi shamba aliuliza, akiinua chupa ya maharage kwenye mwanga wa dirisha.

"Ya mwaka huu," alijibu mke wa Karani kwa fahari. "Nimeyapapasa mwenyewe kwenye ungo. Ungemwona huyu mzee anavyohangaika na jembe, ungedhani analipwa."

Karani akajifanya anatafuta miwani yake.

Kwa miaka arobaini wawili hao walikusanya mbegu za maharage, kila aina na chupa yake. Mke ndiye aliyeziomba. Aliweza kumsimamisha mgeni njiani, hata salamu haijaisha, akamuuliza kwao wanapanda nini. Mume, karani mstaafu wa shule, alizipanda bondeni kwa zamu, kila aina mara moja katika miaka mitatu, kwa kuwa mbegu ikikaa mno chupani hufa kimya kimya. Kisha aliandika kibandiko kipya: jina la mbegu, aliyeitoa, tarehe ya mavuno. Watoto wao walishasema wazi kwamba nyumba zao hazina pa kuweka chupa mia na kumi na mbili. Ndipo mke akapeleka ombi kituo cha mbegu, na asubuhi hii gari la kituo hicho lilikuwa limeegeshwa mlangoni.

Macho ya mke yalipoingia ukungu asione tena, miaka mitano iliyopita, magoti ya Karani nayo yaligoma. Alijiambia atapanda msimu ujao. Mkewe alipoulizia mavuno, aibu ikamfunga mdomo. Akamwaga maharage ya zamani kwenye ungo, juani, akamwachia ayapapase.

"Mwaka huu yamekuja madogo," mke alisema.

"Mvua ilikuwa chache," Karani akaitikia, kisha akaketi kuandika tarehe mpya kwa mwandiko wake mzuri. Mwaka uliofuata akafanya vivyo hivyo. Na uliofuata.

Sasa bibi shamba alitoa kalamu. "Basi babu, nikiandika kwamba ziko hai, zinaingia ghalani leo hii. Vibandiko vyako vinanitosha."

"Usiandike," Karani alisema.

"Kwa nini, babu?"

"Sijapanda kitu miaka mitano. Hizo tarehe nimezitunga."

Mke akageuza uso kuifuata sauti yake. "Karani, acha utani mbele ya mgeni."

"Si utani, Mama."

"Na yale niliyopapasa?"

"Ni yale yale. Kila mwaka yale yale."

"Mpaka yale aliyoniachia mama yangu?"

Karani akaigeuza chupa hiyo, kibandiko kikatazama ukuta.

"Nikasema yamekuja madogo," mke alisema polepole. "Na wewe ukanitafutia mvua."

Bibi shamba alifunga daftari lake. Aliwaeleza kwamba waloweshe punje kumi za kila aina kwenye kitambaa. Baada ya wiki moja angerudi, na aina zitakazoota angezichukua. Gari liliondoka bila chupa hata moja.

Mke alikaa kwenye benchi, akakataa kushikwa mkono. Akaomba chupa ya mama yake. Alihesabu punje kwa ncha za vidole, akazipanga juu ya kitambaa zisigusane, kisha akanyoosha kiganja kando, bila kumgeukia mumewe.

Karani akamimina maji kidogo kiganjani. Mke akayanyunyiza juu ya punje, akainama karibu nazo, akatulia, kama mtu anayemsikiliza mtoto aliyelala.