Gauni la Jumamosi

Asubuhi ile Sindano alikuwa amejifungia bafuni, amekalia ndoo iliyopinduliwa, anafumua gauni la mama yake kwa wembe. Alikata uzi mmoja mmoja, taratibu, kisha akashona upya kwa mkono, upana wa ukucha mmoja nje ya pale mshono ulipokuwa. Upande wa pili wa ukuta mama yake alikuwa anachemsha mayai huku anaimba.

"Sindano! Gauni langu nani kalitoa kwenye msumari?"

"Ninalo mimi, mama. Kuna uzi ulikuwa unaning'inia, naukata."

"Haya, mwanangu. Lakini usizame humo, nesi hatungoji sisi."

Sindano akageuza gauni ndani nje, akaangalia upande wa ubavuni. Kitambaa cha akiba ndani ya mshono kilikuwa kimekwisha. Kilichobaki hakikutosha hata kushikwa na sindano. Hii ilikuwa mara ya tano kulipanua gauni hilo, na hapakuwa na mara ya sita.

Jina la Sindano alipewa na mama yake kwa sababu alikuwa mwembamba na hana maneno. "Huyu mtoto wangu," mama alikuwa akiwaambia wateja, "anaingia anatoka, kelele hapigi, unashtukia kazi imeisha." Mama mwenyewe alikuwa fundi wa nguo, na zamani mtaa mzima ulimwita Kabati kwa unene wake. Walimwita mbele yake, naye akicheka kuliko wao. Nyumbani hakuwa anacheka. Sukari ilimpanda, magoti yakagoma, na mwisho madaktari wakampasua, wakalipunguza tumbo lake la chakula likabaki kama ndizi moja. Huo ulikuwa mwaka wa pili sasa tangu apasuliwe.

"Tumbo tumelipunguza sisi," nesi wa kliniki alimwambia siku ya kutoka, "mazoea utayapunguza wewe. Na mazoea, mama, hayapigwi kisu."

Basi mama akaanza shule upya. Sahani ya chai ndiyo ikawa sahani yake ya chakula. Mayai, samaki au maharage kwanza, wanga mwisho, kama nafasi ipo. Kutafuna mpaka chakula kiwe uji. Maji hagusi wakati wa kula, mpaka nusu saa ipite. Vidonge vya vitamini kila asubuhi. Jioni wanatembea wawili mpaka kwenye mnara wa simu na kurudi, mama anahema, Sindano amebeba chupa ya maji. Kilo zikashuka mpaka themanini na sita. Dawa za sukari akaambiwa aache. Siku hiyo mama aliruka kamba uani mbele ya watu, na aliporuka mara ya tatu akakaa chini, akalia.

Kitu kimoja tu kilimshinda: mizani. "Ile inanisema vibaya," alimwambia nesi. Nesi akacheka, wakakubaliana. Ashone gauni moja la kitambaa kigumu kisichovutika, limkae sawasawa siku ile ile ya kilo themanini na sita. Kila Jumamosi asubuhi alivae. Likifunga zipu, salama. Likibana, aje kliniki wiki hiyo hiyo, asingoje.

Mama akashona gauni la kijani. Ila mkono wa fundi una mazoea yake nao. Kwa miaka ishirini hajawahi kushona nguo ya mtu bila kuacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono, vidole viwili kila upande, maana mteja hunenepa na fundi ndiye hulaumiwa. Akaacha na kwenye hili. Wala hakufikiri.

Miezi mitano nyuma, Jumamosi moja, zipu iligoma katikati ya mgongo. Mama alikaa kitandani mpaka saa sita mchana. Mteja alipiga hodi mpaka akachoka. "Kabati linarudi," mama alisema, peke yake, akiwa anaangalia ukuta. Sindano alisikia akiwa mlangoni.

Mama alipotoka jioni kununua uzi, Sindano akachukua wembe.

Jumamosi iliyofuata zipu ilipanda mpaka juu kama imepakwa mafuta. "Kumbe yalikuwa maji tu mwilini!" mama alipiga makofi. "Na mimi nikajiua kwa mawazo!" Kwa furaha akachovya biskuti mbili kwenye chai. Wiki nyingine zikawa nne. Ikaja kazi ya sare za shule, matembezi ya mnara wa simu yakasubiri sare ziishe. Sare zikaisha, matembezi hayakurudi. Glasi ikarudi mezani pembeni ya sahani. Siku moja Sindano alipokuwa anatafuta kitambaa cha bitana, akakuta chupa ya juisi imefichwa nyuma ya majora ya vitambaa. Akairudisha palepale, akaipanga ikae ilivyokuwa.

Angesema nini? Akisema biskuti, itabidi aseme na wembe. Kila alipoona zipu inaanza kupanda kwa shida alilipanua tena kabla ya Jumamosi nyingine, akijiambia ni kidogo tu, wiki ijayo mama atapungua mwenyewe, na gauni nitalirudisha. Uongo nao huomba mahali pa kulala usiku mmoja, kesho unakuta umeleta na begi.

Walifika kliniki saa tatu. Chumba kilikuwa na benchi mbili zimejaa watu wanaongoja kupasuliwa, na nesi alikuwa amemwita mama aje awape moyo. Mama alisimama mbele na gauni lake la kijani, akaweka mkono kiunoni.

"Mnaniona? Mimi niliitwa Kabati. Si kabati la vikombe, la nguo, la milango mitatu!"

Watu wakacheka. Dereva mmoja wa lori, kifua wazi, jasho linamtiririka, akauliza, "Sasa dada, siri ni nini? Maana mimi nasikia watu wanapasuliwa, baada ya miaka wanarudi palepale."

"Siri ni hili gauni, kaka yangu. Nililishona siku niliyofika kilo themanini na sita, na kila Jumamosi navaa. Mwaka mzima limenigomea mara moja tu, nayo yalikuwa maji. Gauni halina upendeleo."

Sindano alikuwa kwenye kona, anaangalia viatu vyake.

"Na leo," mama akaendelea, sauti imepanda, "mizani niliyokuwa naiogopa nitaipanda hapa hapa, mbele yenu. Mjifunze."

"Si lazima, mama," nesi alisema. "Tutapima kwenye chumba changu."

"Acha nipande! Nimeikimbia vya kutosha."

Sindano alifungua mdomo. Alikuwa na nafasi ya neno moja tu, na neno lilikuwepo kabisa, limefika kwenye meno. Likarudi. Mama akavua viatu, akapanda.

Namba zikazunguka, zikatulia. Tisini na saba.

Dereva wa lori akakohoa. Mtu wa benchi ya nyuma akanong'ona, "Si alisema themanini na ngapi?" Mama akashuka, akapanda tena. Tisini na saba.

"Nesi, mizani yako mbovu."

Nesi hakubisha. Alipanda mwenyewe, akasoma kilo zake, akashuka. "Ni nzima, mama. Njoo ndani tuzungumze."

Ndani, Sindano akiwa amesimama mlangoni, nesi alimchoma mama kidole, akapima damu. Akakaa karibu naye, si upande wa pili wa meza. "Sikiliza. Kilo kurudi si dhambi, wengi huwarudia. Kilo tatu unakuja, tunacheka, tunarekebisha, unaondoka. Kumi na moja nazo si mwisho wa dunia, ila sasa ni kazi. Na sukari imepanda tena. Itabidi turudi kwenye dawa. Lakini si tulikubaliana likibana uje? Lilianza kubana lini?"

"Halijabana," mama alisema. "Nakuapia, nesi. Liligoma siku moja tu, wiki iliyofuata likafunga lenyewe."

Mkono wake ulikuwa tayari unatembea. Ulipita chini ya kwapa, ukaingia ndani ya gauni, vidole vikashika mshono kama vinavyoshika mishono ya watu siku zote, bila kutazama. Vikatafuta akiba. Hakuna. Vikapapasa nyuzi: mishono ya mkono, midogo, iliyobanana, kila wa tatu umerudishwa nyuma kidogo ili usifumuke. Mtindo huo mama aliufundisha kwa mtu mmoja tu duniani.

Akageuza kichwa, akamtazama Sindano. Hakumtazama kwa hasira. Ingekuwa hasira Sindano angeshukuru.

"Mama?" nesi alisema. "Nakuuliza lini."

"Nililipanua mwenyewe," mama alijibu. "Mimi si fundi? Nililipanua nikajidanganya. Andika hivyo."

Nesi aliandika. Sindano alisimama pale mlangoni, kalamu inakwaruza karatasi, na hakusema kitu. Hilo ndilo lililomtafuna kuliko wembe: mama yake alibeba aibu mbili mbele ya mtu, yake na ya mwanawe, na mwanawe akamwachia abebe.

Walipotoka ilibidi wapite tena kati ya zile benchi. Dereva wa lori alisogeza miguu. "Pole, dada. Angalau wewe umepanda mbele ya watu."

Mama alitabasamu, akaitikia kwa kichwa. Nje, akampa Sindano ufunguo wa nyumba.

"Tangulia. Mimi napita kwa mama yako mkubwa."

"Mama, mimi..."

"Tangulia, nimesema."

Hakumwita mwanangu. Hakumwita Sindano.

Nyumbani mayai yalikuwa bado kwenye sufuria, yamepoa. Mama alikuwa na furaha mno asubuhi hata akasahau kula. Sindano alikaa kwenye kiti cha cherehani, akachukua simu yake yenye ufa. Aliandika, akafuta. Aliandika kwamba alimwonea huruma, akafuta, maana hiyo ilikuwa nusu tu, tena nusu nzuri.

Nusu nyingine ilikuwa siku ya wazazi, kabla ya upasuaji, kiti cha plastiki kilipovunjika chini ya mama mbele ya shule nzima. Msichana wa dawati la mbele aligeuka akauliza, "Yule ni mama yako?" Na Sindano, asiye na maneno, siku hiyo akayapata haraka: "Hapana. Ni mama mkubwa." Mama alikuwa bado chini, anacheka pamoja na watu, anamtafuta kwa macho ampe mkono.

Akaandika tena, mara hii bila kusimama:

"Mama, ni mimi. Nimelipanua mara tano. Chupa ya nyuma ya majora niliiona kitambo nikanyamaza. Sikufanya kwa ajili yako tu. Siku ile kiti kilipovunjika niliwaambia wewe si mama yangu. Niliogopa Kabati akirudi nitaona aibu tena. Kesho nitamwambia nesi ukweli mwenyewe. Jioni ukirudi tutembee mpaka kwenye mnara. Hata usiposema na mimi, nitabeba maji."

Akatuma. Alama mbili zikatokea, na kabla hajaweka simu chini zikawa bluu. Mama alikuwa amesoma.

Akangoja. Kioo cha simu kikazima. Akakigusa, kikawaka: ujumbe wake uko palepale, na chini yake hakuna kitu. Akainuka, akaijaza chupa maji, akarudi kukaa, chupa mapajani. Kioo kikazima tena.