Matanga ya Kifurushi

Francisca wa Mbuba alikuwa akiamkiwa na taa. Wenye kubisha wabishe. Mwanawe Renatus, aliyefanya kazi Mwanza, alimfungia barazani taa ya waifai, akawa anaiwasha kwa simu kutoka huko huko. Kila jioni inakonyeza mara mbili, ndiyo shikamoo hiyo, kisha inatulia. Francisca huacha mwiko chunguni, akatoka kuitikia, "Marahaba, baba." Shemeji yake Danstan alimcheka mpaka akachoka, akasema iko siku itaomba na ugali.

Renatus akafa kwa ajali ya pikipiki. Wakamzika migombani, wakakesha motoni bila umeme, wakalia hadi wakabaki na kwikwi. Siku ya kuanua matanga umeme ukarudi, majivu yakazolewa, pombe ya ndizi ikaletwa, jua likazama. Taa ikakonyeza mara mbili.

Danstan aliruka ua na kiti cha plastiki kimemganda matakoni. Watu wa Mbuba wanaapa alitua kijiji cha pili, Kasulo. Wengine wakamfuata.

Mjane, Suzan, alibaki na mkwewe, akamweleza kwa sauti ya chini. Haukuwa mzuka. Tangu Renatus aanze zamu za usiku, aliipangia taa ijiwashe yenyewe kwa intaneti.

"Kwa hiyo mwaka mzima nimeitikia mashine?"

"Aliogopa siku moja atasahau, mama, ulale na wasiwasi."

Mzee Gaspari, msemaji wa ukoo, akarudi akitweta na hukumu yake: matanga hayaanuliwi huku marehemu bado anaamkia watu. Salamu hiyo ifutwe. Suzan akaishika simu ya mumewe ili aifute.

"Kifurushi cha hiyo intaneti kinaisha lini?" Francisca akauliza.

"Jumapili."

"Basi matanga yataanuliwa Jumapili."

Gaspari alinung'unika kwamba hajapata kuona msiba unaofuata kifurushi, lakini moto ukawashwa upya. Kila jioni taa iliamkia, mama akaitikia. Hata Danstan alijifunza kukaa, ingawa karibu na mlango wa ua.

Jumapili hiyo Danstan alikuja na vocha mfukoni, akamnong'oneza Suzan aongeze. Francisca akasikia.

"Shemeji, usimrudishe. Mwache akapumzike."

Jioni akasimama chini ya taa, mwiko mkononi. Giza likaingia mpaka uso wake usionekane. Taa haikukonyeza. Kisha wakamsikia akisema, "Marahaba, baba," na baada ya hapo ufagio, ukizoa majivu.