Mkebe wa Dobi

Hakuna aliyejipiga kifua kwa pua yake kama mama huyu dobi. Nguo ikitua tu mezani dukani kwake, alishajua mwenye nguo kapitia wapi: huyu anashinda jikoni, yule kaapa kaacha pombe na anadanganya mchana kweupe. Wateja walicheka, wakamwogopa kidogo, wakaendelea kuleta mashati.

Kabla ya kufua alipekua mifuko. Alichokikuta alikitia kwenye mkebe wa bati kando ya pasi, kimngoje mwenyewe: vifungo, funguo, viberiti, pakiti za sigara zilizobaki mbili tatu. Cha mtu hakitupwi, ndivyo alivyofundishwa kazi. Miezi mitano nyuma, kwenye suruali ya mteja aliyehama bila kuaga, alikuta kidude chembamba cha buluu. Akakinusa, kikanukia nanasi. Akadhani ni manukato ya siku hizi, akakitia mkebeni.

Bintiye, mwanafunzi wa sekondari, ndiye aliyemsaidia kukunja nguo akitoka shule. Haukupita muda sweta lake nalo likaanza kunukia nanasi. Mama alifurahi. Alimtania kwamba siku hizi anajipenda, na binti akainama, akaendelea kukunja.

Tuseme ukweli. Nguo za wateja alizipekua mshono kwa mshono, za mwanawe alizitupa mashineni zilivyo. Za nyumbani hufuliwa mwisho, mikono imeshachoka, na tena nani ampekue mtoto wake? Basi Jumamosi moja akifungua chujio la mashine alikuta tumbaku iliyolowa na kipande cha sigara, na mzigo aliofua ulikuwa wa sare za shule peke yake.

Alikwenda moja kwa moja kwenye mkebe. Kidude cha buluu hakikuwemo. Pakiti zote zilikuwemo, zimefungwa na kupangwa vizuri kama mashati ya wateja, na zote zilikuwa tupu. Akakaa juu ya kapu la nguo chafu.

Binti alipoitwa, mama alikuwa amejiandaa kusikia uongo. Hakuusikia.

"Kile kidude cha kuvuta kilikuwa mvuke wa harufu tu, mama. Nilidhani ni mchezo," binti alisema. "Kikaisha. Hamu haikuisha. Na sigara zilikuwa hapo hapo."

Maneno makali aliyoyapanga aliyaacha. Hapo hapo palikuwa mkebeni kwake. Pua iliyowaumbua watu wazima ilimsifia mwanawe kwa mvuke wa nanasi, na harufu ya sigara ilipofuata ikasingizia mashati ya wateja; mama aliumia kuliko alivyowahi kuumia.

Walikwenda kwa nesi wa zahanati. Nesi aliwaeleza kwa upole kwamba si kila anayeanza na vile vidude, yaani sigara za kielektroniki zenye nikotini, huishia kwenye sigara za kawaida, ingawa yeye amewaona wengi waliopita njia hiyo.

"Wengi siwajui," mama alijibu. "Mimi nimekuja na huyu mmoja."

Tangu siku hiyo sigara zilizokutwa mifukoni zilitumbukizwa kwenye ndoo ya maji. Mteja mmoja alipolalamika, aliambiwa aziache nyumbani kwake. Na binti, kwa ombi lake mwenyewe, akawa ananuswa kila arudipo kutoka shule: shingo, nywele, vidole. Siku nane mfululizo alinukia chaki na jasho, na mama alipiga pasi huku akiimba.

Siku ya tisa binti alisimama mlangoni, hakuingia.

"Leo usininuse, mama."

Pua ilikuwa imeshanasa moshi wa sigara tangu alipofika kizingitini. Mama alichomoa pasi ukutani, akavuta kiti cha pili karibu na chake. Machozi yalikuwa yanamlenga, na hakuyaficha.

"Njoo ukae," alisema. "Umeniambia mwenyewe, mwanangu. Kesho tunaanza tena siku ya kwanza."

Binti akaingia, akaketi, akavuta kapu la nguo, wakaanza kukunja pamoja.