Gari la Halwa la Nyumba ya Hadi

Siku niliyokufa mimi, hakuna aliyekuja kuniarifu. Nilikuwa jikoni nakoroga halwa, jasho linanitiririka, na mtu anayekoroga halwa hana nafasi ya kusikiliza habari za mji. Ukiuacha mwiko kidogo tu inashika chini, na halwa iliyoshika chini hata kuku haidonoi.

Mambo yote yalianza na gari. Ndugu yangu Faraj, mdogo wangu wa tumbo moja, ndiye aliyekuwa akiuza halwa yangu barazani kwetu. Tangu nilipofiwa na mume nikarudi katika nyumba ya marehemu baba yetu, nakoroga mimi, anauza yeye, na mji unasema "halwa ya Faraj." Sikulalamika. Uongo! Nililalamika kila siku, ila aliyenisikia ni moshi.

Basi serikali ikatandika reli nyembamba mpaka Kizingo, Wazungu wakawa wanapita juu ya vigari vinavyosukumwa na watu, na vingine vimeandikwa majina ya wenyewe ubavuni. Faraj alipoviona, usingizi ukamruka. Naye akataka gari, la kusukuma kwa mkono, apelekee halwa kwenye harusi. Seremala akamtengenezea refu na jembamba lipate kupita vichochoroni, na kifuniko cha mviringo juu ili nzi wasiingie.

"Sasa ubavuni liandikwe jina langu," akasema Faraj, "kubwa, lisomwe toka mbali. Na simba pembeni."

"Simba amekoroga nini?" nikamuuliza.

Fundi wa kuandika kwa rangi mtaani kwetu alikuwa Maalim Jaffar. Kazi zake zilikuwa za misikitini: maandishi ya ukutani, na kila mwaka kabla ya Ramadhani alilipaka upya jeneza la msikiti. Mkono wake mzuri, sina la kusema. Akaja akakaa barazani, Faraj akamwambia lake, nami nyuma ya mlango nikamwambia langu.

"Maalim, jina liwe la mwenye kukoroga."

"N'nani mwenye kukoroga, mwanangu?"

"Mimi, Zubeida."

Nikamsikia akishusha pumzi. Jina la mwanamke wa watu kutembezwa njiani, lisomwe na kila apitaye? Hilo hakuwahi kuliandika yeye wala baba yake.

"Basi usiandike jina," nikasema. "Chora lozi tatu, vitwa vimekutana, kama nizipangavyo juu ya sinia." Hiyo ndiyo alama yangu. Sinia langu halitoki jikoni bila lozi tatu katikati.

Faraj akacheka. "Lozi! Watu watadhani twauza lozi. Maalim, andika Faraj, kisha simba."

"Simba ana roho. Mimi sichori chenye roho."

"Basi mchore amelala!"

Maskini mzee. Faraj anavuta huku, mimi navuta kule, hata akachovya brashi ndani ya kikombe cha kahawa. Akalichukua gari kwake huku akijisemea peke yake. Alipolirudisha, lilikuwa kijani kibichi lote, maana ndiyo rangi aliyobaki nayo. Juu ya kifuniko ameandika bismillahi kwa rangi nyeupe, chini yake mwezi mwandamo, na ubavuni, ili asimuudhi yeyote kati yetu, ameandika Nyumba ya Hadi. Hadi ni marehemu baba yetu. Tukaudhika wote wawili.

Nililitazama sana gari lile kupitia upenyo wa mlango. Moyo wangu haukutulia.

"Hili nalijua," nikasema. "Nimeliona mahali."

"Utalijuaje, dada, nalo ni jipya?" akajibu Faraj.

Asubuhi ya pili akapakia masinia ya harusi. Matope yalikuwa mengi, na rangi ilikuwa bado mbichi, kwa hiyo akalifunga shuka jeupe kuyazunguka magurudumu. Akaondoka na Karisa, mtu wa Rabai tuliyemwajiri kusukuma. Walipofika Ndia Kuu, njia kubwa ya mji, Faraj akaingia duka la vitambaa kujisifu, akamwambia Karisa atangulie polepole.

Yaliyofuata alinisimulia Karisa mwenyewe, na mpaka leo akiyasimulia anakuna kichwa. Alipopita mbele ya baraza ya kwanza, wanaume wote wakasimama. Mmoja akaweka chini kikombe chake, akaja akashika mpini. Wa pili akashika mwingine. Mara gari likanyanyuliwa mabegani pamoja na magurudumu yake, na hakuna aliyejiuliza lilikuwa zito kwa nini. Kwetu ndivyo ilivyo: jeneza likipita hakuna kuuliza, unatia bega kwanza ndipo unauliza.

"Niliwaambia, mabwana, hii ni halwa," akasema Karisa. "Wakaniambia, nyamaza, mtaje Mungu. Nikanyamaza, nikamtaja."

Mtu mmoja akavua shali yake akaitandaza juu kwa heshima. Kabla hajaitandaza akasoma ubavuni: Nyumba ya Hadi. Faraj walikuwa wamemwona sasa hivi dukani, mzima, anatamba. Basi amebaki nani katika nyumba ile? Jina langu likatoka mdomo mmoja likaingia sikio la pili, na kabla msafara haujafika kona nilikuwa nimeshakufa kwa homa. Wengine walisema ni tumbo.

Nami niko jikoni, nasikia wanawake wanaingia ukumbini bila hodi. Nikapaza sauti, "Karibuni! Siwezi kuacha mwiko!" Lakini walikuwa wanalia, hawakunisikia. Nani amefiwa, nikajiuliza, na mbona msiba umeletwa kwangu? Hofu ikaniingia. Nikasema labda ni Faraj. Na mkono wangu, mkono mjinga huu, ukaendelea kukoroga.

Ndipo nikamsikia jirani yangu Afaf. "Maskini Zubeida! Ulimi mkali, lakini mikono ya peponi. Halwa ile sasa atakoroga nani?"

"Si huyo Faraj?" akauliza mwingine.

"Faraj? Faraj hajui hata samli hutiwa lini! Mimi huagiza kwa kutazama lozi. Pasipo lozi tatu, silipi."

Sikuelewa kitu. Nimekufa? Nikajifinya mkono, nikaumia. Na katikati ya kuchanganyikiwa kule, Mungu anisamehe, nilifurahi. Miaka yote walikuwa wanajua, na hakuna aliyefungua mdomo nikiwa hai.

Faraj naye, kule dukani, alisikia watu wakimtaja Mungu njiani. Akatoka kama Muislamu yeyote, akajipenyeza, akainamisha kichwa, akatia bega chini ya gari lake mwenyewe. Alipokwenda kidogo akamuuliza aliye ubavuni pake, Zein muuza viungo, "N'nani, Zein?"

Zein akageuka, akamwona, machozi yakamtoka. "Faraj ndugu yangu, subiri. Ni dadako."

Karisa anasema Faraj alikimbia kofia ikadondoka, asigeuke kuiokota. Nilimsikia anaingia, wanawake wakijitanda haraka haraka. Hakwenda mbali. Alianguka kizingitini.

"Dada yangu," akalia. "Nimemwacha asubuhi mzima! Hata kwa ajili ya simba nimegombana naye! Niwieni radhi nyote. Halwa ni yake. Wallahi sijakoroga hata siku moja. Mwasema halwa ya Faraj, nami nanyamaza, nanyamaza kila siku, na sasa nitamwambia nani?"

Nilitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Niambie mimi," nikasema. "Sema tena."

Kelele zilizopigwa pale sijapata kuzisikia. Afaf alizimia juu ya mama mwingine. Faraj alinitazama mato yamemtoka, asiweze kuinuka, kisha akanishika miguu akaipapasa, ana hakika kwamba mimi ni mzuka na ataikosa. Nilitaka kumfokea. Nilikuwa nimeyaandaa maneno hayo kwa miaka. Badala yake nilikaa chini pale kizingitini nikalia naye, maana hakuna aliyepata kunililia vile, hata mume wangu siku zake za mwisho.

Kisha nikasikia harufu.

"Ndoo hapa, shika mwiko," nikamwambia. "Inaungua."

Akashika. Mara ya kwanza maishani mwake, akakoroga, machozi yakidondoka pembeni ya sufuria, nami nikimwonyesha kwa kidole.

Kule msikitini nako walikuwa wamefunua kifuniko kumweka maiti sawa kabla ya kumsalia, wakakuta masinia, kila moja na lozi tatu. Mambo yakawa fujo. Wengine walikasirika, wengine walidhani ni sadaka, wakala. Harusi ile ilichelewa, na bibi harusi nadhani hajanisamehe.

Maalim Jaffar alikuja jioni, aibu imemkunja. Mkono wake ndio uliokosea, akasema. Umezoea jeneza mno.

Faraj akatoka nje mpaka barazani, watu wamejaa wanatusengenya, akasema kwa sauti ya kusikiwa mtaa mzima, "Paka rangi nyekundu, Maalim. Andika Halwa ya Zubeida binti Hadi."

Mzee akaugeukia mlango niliojificha nyuma yake. "Niandike, mwanangu?"

Nilikuwa nimelitamani jina lile kuliko kitu chochote, na sasa niliambiwa nilichukue.

"Chora lozi tatu tu, Maalim," nikasema. "Jina langu lishabebwa Ndia Kuu nzima mabegani mwa wanaume. Usilichoshe."