Buti Ngumu za Asteria

Asteria, binti wa mwanangu Masele, alirudi likizo kutoka Austria, anakosomea uhandisi wa migodi, akiwa na jozi mbili za buti zilizojaza begi zima. Nilimwuliza kama huko wanasomea shambani. Akanieleza kwamba ni buti za kusimamia ubao wa kutelezea kwenye theluji.

"Jozi moja lazima irudi dukani, Guku," alisema. Ndivyo sisi Wasukuma tunavyomwita babu. "Nikirudi tu, kocha anachagua timu ya chuo. Mwaka jana aliniacha."

"Kwa kosa gani?"

"Kona. Ubao unatakiwa ulale ubavu, ukingo wake uchimbe mstari mmoja mwembamba. Wangu ulikuwa unaparuza kama jembe butu."

Maneno hayo yaliniingia. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kusemwa kwa jembe butu.

Jozi ya kwanza ilikuwa laini. Aliikunja kwa mkono mmoja. Ya pili ilisimama sakafuni peke yake, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Mimi niliongoza shule hapa Songwa hadi nilipostaafu, hivyo sikuhitaji kufikiri.

"Chukua hizi ngumu. Zile nyingine zitakufundisha ulegevu."

Alizivaa. Niliinama mwenyewe, nikazikaza kamba hadi juu kabisa, kama nilivyowafunga vijana wangu wa gwaride. Akapanda juu ya ubao wake, aliokuja nao pia, pale sebuleni, akajaribu kusukuma magoti mbele. Buti hazikupinda hata kidogo. Aliyumba, akaangukia kochi.

"Guku, umenifunga kama robota la pamba."

"Simama wima."

"Nikisimama wima sikati kona. Goti lisipokwenda mbele, ukingo haushiki. Na zile laini, goti linakwenda vizuri, lakini ubao unachelewa kunitii." Alijifuta jasho. "Wewe ulichezaje bugobogobo na yale mabuti yako ya ngozi? Baba anasema ulikuwa unapiga goti hadi chini, jembe likiwa bado hewani."

Sikulitarajia swali hilo. Nilikaa.

Miaka hiyo, pamba ikishauzwa, vikundi vya ngoma ya majembe vilishindana hadi vumbi likaficha watu. Ngozi ya buti zangu ilikuwa kavu kama gome la mti. Kabla sijaingia uwanjani, bibi yake Asteria, marehemu Scolastika, alinikalisha juu ya kinu, akanikaza kifundo cha mguu kwa utepe wa kitenge, kisha akaziacha kamba za juu zimelegea. Nilimlalamikia kwamba mwalimu hawezi kuonekana hadharani na kamba zinazoning'inia.

"Kisigino kikae, ugoko upumue," alinijibu. "Watu watatazama jembe, mwalimu, si kamba."

Niliinuka nikaenda stoo. Utepe ule ulikuwa bado umefungwa kwenye mpini wa jembe langu la ngoma, umepauka lakini mzima. Nilirudi nao, nikazilegeza kamba za juu nilizozikaza kwa mkono wangu mwenyewe, nikazikaza za chini, nikauzungusha utepe kifundoni.

"Sasa songa mbele."

Goti lilikwenda. Shingo ya buti ilikataa kidogo, ikakubali, kisha ikamrudisha. Akarudia, ubao ukasimama kwa ubavu wake.

"Inanisukuma," alisema taratibu. "Guku, ndiyo yenyewe."

"Hivi," nikamwambia, na jembe mkononi nikapiga goti moja mbele yake. Goti likakataa kuinuka.

"Usicheke."

"Sijacheka," alisema, akinishika mkono kuniinua, mabega yakimtikisika.

Aliondoka na utepe ule. Jozi laini ilirudi dukani.

Jana Masele alikuja kutoka Bulyanhulu na video kwenye simu yake. Asteria amevaa jezi ya timu, anashuka mlima mweupe, analala upande huu, analala upande ule, hadi mkono wake unakaribia kugusa theluji. Nyuma yake unabaki mstari mmoja mwembamba. Kifundoni inaonekana ncha ya kitenge kilichopauka.

Masele alinitazama. "Baba, unaonaje?"

"Kona ya kushoto goti limechelewa," nilimjibu. "Irudie, nilitazame vizuri."

Akairudia. Scolastika naye angeliona goti hilo.