Mablanketi ya Mahari Mezani

Nilipoingia ukumbini asubuhi ile ya Jumamosi, mama yangu, Tereza, alikuwa amekaa kiti cha mbele kabisa, gauni lake la kanisani limepigwa pasi, anatabasamu peke yake. Namjua mama. Akitabasamu hivyo, kuna jambo amelipika. Nikageukia meza ya snuka, ile ya kuchezea mipira kwa fimbo. Juu ya kitambaa kipya cha klabu, kilichotoka ng'ambo na kusubiriwa miaka, yalikuwa yametandazwa na kupigiliwa misumari kwenye mbao za pembeni mablanketi mawili ya kijani, yameungwa katikati kwa mshono mnene.

Hebu nieleze, maana asiyetoka Musoma atadhani nimechanganyikiwa.

Miaka ile ya kupanga foleni ya sabuni, kitambaa cha meza ya snuka ya klabu yetu pale Mukendo kilichanika, na fedha za kigeni za kuagizia kingine hazikuwepo. Wakati huohuo dada yangu Boke aliolewa Bunda, na pamoja na ng'ombe wa mahari wakwe wakaleta mablanketi mawili, la mama na la bibi, kama desturi inavyotaka. Mama akayabeba kutoka nyumbani Butiama, akayabwaga juu ya ile meza, akasema Keraryo wake, yaani mimi, hawezi kukosa pa kuchezea kwa sababu ya kitambaa. Silasi, fundi wa makochi, akayaunga. Basi miaka mitano mimi nilicheza juu ya mahari ya dada yangu. Blanketi halina haraka. Mpira ukiupiga kwa upole unalala njiani. Nikajifunza kupiga kwa bega zima na kuurusha mpira mweupe juu ya mshono, na kuanzia Musoma mpaka Bunda hakuna aliyenigusa.

Ikaja miaka ya ruksa, serikali ikafungua biashara. Maduka yakajaa, na mfanyabiashara mmoja wa Mwanza akaanzisha ligi, akaajiri wachezaji kumi na sita wa kulipwa. Mimi nilikuwa mmoja wao, na mama aliitangaza habari hiyo hadi kisiwani Rukuba. Asichokitangaza ni kwamba nilikuwa wa kumi na sita. Kwenye vitambaa vipya mipira yangu iliruka nje ya meza. Arusha nilimpiga mwamuzi gotini. Watu walicheka, nami nikacheka nao, kisha nikaenda kulia chooni. Mwaka mzima nikajifunza upya, kwa aibu, kuugusa mpira kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Polepole mkono ukaanza kutii.

Sasa ligi ilikuwa imefika kwetu, mchezo wa mwisho wa msimu. Nikifungwa na Clementi wa Arusha, jina langu linatoka orodhani na narudi mwaloni, kwenye kazi yangu ya zamani ya kuwapimia wavuvi samaki wao wa sato. Ndiyo maana mama alimfuata Silasi alfajiri. Alitaka kunirudishia meza yangu.

Mwamuzi akasema kanuni zinawapa wenyeji haki ya kuchagua kitambaa. Clementi akalipapasa blanketi, akacheka kidogo, akasema meza ni ya mwenye nyumba.

Ukumbi ulifurika. Walikuja watu wa Nyegina, wakaja wa Bunda, na waliokosa nafasi wakaning'inia madirishani. Jina langu likaimbwa mpaka nywele zikanisimama. Nikapiga mpira wa kwanza kwa ule upole wangu mpya. Ukajikokota, ukafika kwenye mshono, ukalala. Nikajaribu nguvu za zamani, bega likagoma. Clementi, kinyume chake, alikuwa mtu wa mabavu tangu kuzaliwa, na blanketi lilimfaa kuliko mimi. Gemu ya kwanza akaichukua hata chai yangu haijapoa. Zilibaki mbili, na nilipaswa kuzishinda zote.

Nyimbo zikakatika. Nilijua la kufanya, na nilijua litamuumiza nani. Kumwomba mwamuzi ayaondoe mablanketi yale mbele ya umati ule ilikuwa sawa na kumvua mama nguo. Nikaiweka fimbo chini, nikaenda kuchuchumaa mbele ya kiti chake.

"Mama, mkono wangu hauyajui tena."

Akanitazama. "Ulikuwaga unayacheza umefumba macho."

"Nilikuwaga, mama."

"Umeacha lini?"

"Mwaka jana. Niliona haya kukuambia."

Akakaza kitambaa chake cha kichwani, akainuka, akamwita Silasi kwa sauti alete koleo, tena upesi, maana amepigilia misumari utadhani anajenga zizi. Watu wakacheka, nami pumzi zikanishuka. Mwamuzi akakubali, maana haki ya kuchagua kitambaa ilikuwa bado yetu; mama akayakunja mablanketi mwenyewe, akarudi kitini, akayapakata bila kuniangalia.

Jamani, gemu ya pili niliicheza kwa raha sijapata kuona! Mipira ilikwenda nilikoituma, na Clementi akabaki akiipaka fimbo yake chaki tu. Ya tatu ikawa vita. Akiongoza, namfikia, nikiongoza, ananipita, mpaka ukabaki mezani mpira mweusi peke yake, wa pointi saba, naye ananizidi nne. Zamu ilikuwa yangu. Mweusi ulikuwa mdomoni mwa shimo la kona, mweupe uko upande wa pili kabisa. Nikipiga kwa nguvu, mweupe utafuata nao shimoni na mimi nimekwisha. Nikiupunguza mno, hautafika.

Nikainama. Bega la zamani likaniomba ruhusa, nikalinyima. Nikaugusa mweupe. Ukaondoka bila haraka, ukaivuka meza yote, ukaubusu mweusi, ukatulia. Mweusi ukawaza kidogo, ukaanguka.

Sikumbuki nani aliyeninyanyua. Niliona dari, nikaona vichwa, nikasikia wa madirishani wakirukia ndani na Silasi akipiga kelele kwamba wanamvunjia viti. Nilikuwa nimebaki orodhani. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, sioni haya hata chembe.

Nikiwa huko juu mabegani nikamtafuta mama. Alikuwa amesimama peke yake kando ya meza, mablanketi kwapani. Alinyoosha mkono, akauweka juu ya kitambaa kile kipya ambacho hakuwahi kukigusa, akakipapasa kwenda, akakipapasa kurudi, taratibu. Nikawaambia wanishushe, lakini kwa kelele zile nani angenisikia.